Dominiko Alivyokwama Katikati ya Posa

Nianze na aibu yangu mwenyewe, ili mtu asije akaisimulia nyuma ya mgongo wangu: nilicheka. Mume wangu alipokuwa anapigwa na kiharusi mbele ya watu themanini, mimi Dorotea, mke wake wa miaka thelathini na moja, nilicheka mpaka kitenge kikanilegea kiunoni. Na sikuwa peke yangu. Turubai zima lilicheka. Mchungaji alicheka mpaka Fanta ikamtokea puani. Sasa usininyooshee kidole kabla hujajua ilivyokuwa.

Tulitoka Makebuko asubuhi, watu kumi na wanane kwenye Hiace ya Sudi, kwenda Muyinga kumposea kijana wetu Moses. Binti anaitwa Christina. Walikutana Gitega wakisomea ualimu, wakapendana, wakatuchosha masikio. Dominiko wangu ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Najua, najua, baba mzazi hajisemei, unatafuta mtu mwingine mwenye mdomo. Lakini nani Makebuko ana mdomo wa kumzidi Dominiko? Watu walikuja kumwomba kutoka mpaka Bukirasazi awasemee posa zao. Kwa mwanawe angemwachia nani?

Na mdomo huo aliutolea jasho. Sisi wawili tulikulia Tanzania, kambini Ulyankulu, wazazi wetu walikimbilia huko. Tuliporudi, watu walikicheka Kirundi chetu waziwazi. Mimi niliwajibu kwa matusi, yakaisha. Dominiko akaenda kukaa na wazee, akajifunza Kirundi chao cha posa, neno kwa neno, mpaka waliomcheka wakaanza kumbembeleza. Shamba letu la mihogo halijawahi kumpa raha ile. Ukimwambia Dominiko mihogo imeoza, anasikitika. Ukimwambia fulani anasema vizuri kuliko yeye, halali.

Kwa asiyejua, posa huku ni mchezo. Mgeni hasemi amekuja kuoa, anasema amepotelewa na mtamba na nyayo zimeishia kwenu. Wenyeji wanasema mtamba gani, hapa hatufugi hata kuku. Wanakuleteeni bibi kizee kafunikwa gubigubi, eti ndiye huyu? Msemaji naye anajifanya kiziwi, anajifanya kasahau kilichomleta, anajifanya koo limemkauka mpaka aongezewe bia. Anayeweza kukaa kimya muda mrefu bila yeye mwenyewe kucheka, huyo ndiye fundi. Hapo sasa umeshaanza kunielewa.

Msemaji wa wenyeji alikuwa Mzee Eliud, baba mkubwa wa Christina, mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufi kwenye jua kali. Walikutana mafundi. Walipigana kwa maneno saa nzima, watu wakashangilia kama mpira. Bibi kizee akaletwa, Dominiko akamsifia meno, na bibi hana hata moja. Mimi nilikuwa nimevimba kwa sifa pale nilipokaa.

Eliud akauliza, "Haya, mtamba wenu huyo ana rangi gani?"

Dominiko akasimama. "Ana rangi ya," akasema, akanyamaza.

Watu wakaanza kuchekea chini kwa chini. Akafungua mdomo tena. "Rangi ya... ya... baiskeli. Ya mwiko. Ya juzi."

Wee! Watu walianguka. Eliud akaruka, "Jamani, mgeni kasahau ng'ombe wake!" Glasi ya Dominiko ikamtoka mkono wa kulia, ikavunjika. Eliud akapaza sauti, "Glasi ni ndogo, anataka kibuyu! Mleteeni kibuyu!" Makofi, vigelegele. Mimi vigelegele vyangu vilivuka vya wote.

Hapo ndipo akatokea Kulthumu. Sikuwa namjua wakati ule, nilimwona tu mwanamke mfupi, ushungi umefungwa kwa nyuma, mwiko wa pilau mkononi, anakuja mbio kutoka jikoni. Ni jirani yao, Mwislamu wa pale mjini, anapikia watu kwenye sherehe. Mpishi kuingia katikati ya wazee wanaoposa! Shangazi mmoja wa Christina alimkamata kwa gauni, akajichomoa.

"Mzee," akamwambia mume wangu, "cheka nione."

Dominiko akacheka. Mdomo ulipanda upande mmoja, upande wa pili ukabaki umelala.

"Anatuchekea nusu!" Eliud akasema. "Nusu nyingine anaiweka mpaka tumpe binti!" Maana wote tulifikiri Kulthumu naye ni kitimbi cha wenyeji, kama yule bibi kizee.

"Inua mikono. Yote mbili."

Akainua wa kushoto. Wa kulia ulining'inia.

"Ala! Binti yetu haombwi kwa mkono wa kushoto!"

Hapo ndipo kitenge kiliponilegea. Nilikuwa nakishika huku nimeinama, machozi yananitoka kwa kicheko, nikainua kichwa, macho yangu yakakutana na ya Dominiko. Alikuwa ananitazama mimi. Miaka thelathini na moja namjua: akiwa anaigiza, jicho lake la kulia huwa linanikonyeza. Siku ile halikukonyeza. Alikuwa anaogopa, na alikuwa ananiomba mimi nimsaidie, na mimi nilikuwa nacheka.

"Nyamazeni!" nikapiga kelele. "Nyamazeni wote, mbwa nyie!" Ndivyo nilivyosema, mbele ya wakwe. Sijaomba radhi mpaka leo.

"We mama, bwana yako iko mgonjwa," Kulthumu akaniambia. "Ni kiharusi hii. Sura, mkono, maneno, yote tatu iko. Kaka yangu Rachid ilimushika hivi hivi, tulimukalisha ku nyumba siku mbili tunamusomea, tunasema ni jini. Mi sikalishe mtu tena. Gari iko wapi? Vite, haraka!"

Shangazi alishaleta maji ya sukari. Kulthumu akayapiga teke na bakuli lake. "Hapana kumupa kitu! Atapaliwa!"

Tukambeba. Sudi, dereva wetu, yuko kwenye Hiace analinda dumu lake. Akasema petroli ni ya kutosha kurudi nyumbani tu, na hapa mjini vituo vikavu. Nikamuuliza, "Kurudi nyumbani na nani, Sudi? Na nani?" Sijui uso wangu ulikuwaje, ila gari liliwaka kabla sijamaliza.

Sasa sikia mkasa mwingine. Christina alikuwa amefichwa ndani, kapambwa, haonekani mpaka aitwe. Alisikia kelele. Akatoka mbio na shanga zake, viatu kavirusha, akaruka ndani ya Hiace, akakaa chini, akakiweka kichwa cha Dominiko mapajani na kumgeuza ubavu asipaliwe na mate. Akina mama wakapiga yowe. Binti kaingia kwenye gari la wanaomposa kabla hajaombwa! Eliud alikimbia nyuma yetu kofia mkononi, anaita, "Christina! Christina, hujatolewa bado!" Sudi akakanyaga mafuta. Nilimpenda yule binti tangu dakika ile, na kabla ya hapo, nikwambie ukweli, nilikuwa namwona ana maringo.

Hospitali daktari aliuliza kwanza, "Ilianza saa ngapi?" Tulikuwa watu wanane pale, kila mmoja akataja saa yake. Tungejuaje? Sisi tulikuwa kwenye vichekesho. Kulthumu, aliyepanda gari nasi, bado kashika mwiko, akasema, "Saa saba na dakika makumi mbili. Nilikuwa natia muchele, nikaona mudomo yake inashuka." Daktari akaandika. Alituambia dakika ni mali kwenye ugonjwa huu, kila moja ubongo unakosa damu. Akapima presha, akaniangalia. "Mama, hakuwa na dawa?"

Alikuwa nazo. Kituo cha afya cha Makebuko walimpa. Alimeza wiki mbili, akajiona mzima, akaziacha kwenye kikombe juu ya kabati. Anasema vidonge ni vya wagonjwa. Presha haiumi, ndiyo ubaya wake, na mimi niliyemkaripia kwa kila kitu, mpaka kwa namna anavyovua viatu, kwa hilo nilinyamaza.

Hakufa. Walimpeleka penye mashine ya kupiga picha ya kichwa, wakakuta donge la damu upande wa kushoto wa ubongo, akapewa dawa, na wiki ya tatu tukawa Gitega mjini kwa shemeji yangu, ili awe karibu na mazoezi. Mguu ukaanza kurudi. Mkono ukaanza kurudi, polepole, kwa kuchambua maharage. Maneno ndiyo yaligoma. Alielewa kila kitu, ungeona machoni, lakini akitaka kusema kilichotoka ni "juzi." Maji, juzi. Choo, juzi. Moses akija kumsalimia, juzi, halafu machozi.

Na Moses alikuwa anakonda. Maana posa ilikatikia njiani, na binti kashaonekana kapanda gari letu, Muyinga nzima inalisema. Tulimpeleka mdogo wa Dominiko akaimalizie. Mzee Eliud akamkaribisha vizuri, akamlisha, akamwambia, "Mdomo ulioanza ndio utakaomaliza. Mimi nilimcheka mtu akifa. Sitampokea mwingine mahali pake. Nitamsubiri."

"Na asipopona?" mdogo mtu akauliza.

"Nitamsubiri," Eliud akasema.

Nilichukia! Nilisema huyo mzee kofia imembana ubongo. Lakini Dominiko alipoambiwa, aligonga meza kwa mkono wa kushoto, akatikisa kichwa ndiyo, ndiyo, ndiyo. Alikuwa radhi kijana wake asioe kuliko mwingine amsemee. Wanaume wawili wazee wameshikilia ndoa ya watoto kwa ajili ya mdomo mmoja uliokufa. Nikamwambia, basi ufufuke huo mdomo, Baba Moses, maana mimi nataka wajukuu.

Mtu wa mazoezi aliitwa Adriano, kijana mnene mwenye kucheka hovyo. Siku moja Dominiko anachambua maharage, kwenye simu ya mtu kwaya inaimba, na yeye akaitikia. Kwa maneno! Maneno mazima, ubeti mzima, hakuna juzi hata moja. Nilidondosha sinia. Maharage mpaka barazani.

Adriano hakushtuka, alipiga makofi. Akanieleza kwamba kusema kuna sehemu yake upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo iliyoumia, lakini kuimba kunatumia na upande wa kulia, ambao ni mzima. Watafiti wamekuwa wakilifuatilia jambo hili, wanawafundisha wagonjwa kuimba wanachotaka kusema, huku mkono wa kushoto unapiga mapigo. "Si wote wanaofanikiwa, mama, na haiji kwa wiki moja," akasema. "Ila ubongo unajifunza upya ukirudiarudia. Tujaribu."

Akampa sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Na-ta-ka ma-ji. Dominiko anapiga paja, mimi napiga paja, Adriano anapiga paja. Mara ya kwanza aliposema anataka maji nilimletea ndoo nzima.

Tuliporudi Makebuko, ikawa hakuna kuongea tena kwetu, ni kuimba tu. Anaimba habari za asubuhi. Anaimba mlango ufungwe. Chumvi alikatazwa, akanidai kwa wimbo wa beti nne, na kiitikio. Mimi na hasira zangu hizi, nimekomeshwa. Hebu jaribu kugombana na mtu anayekuimbia! Nilianza kumfokea, akanijibu kwa sauti ya kwanza na ya pili, nikajikuta natia ya tatu. Majirani wakasema kwa Dorotea kumefunguliwa kanisa jipya. Jumapili moja walikuja watu saba na Biblia zao, na mmoja akauliza kikapu cha sadaka kiko wapi. Dominiko akawaimbia rudini kwenu. Wakasema amina.

Lakini bila wimbo hakukuwa na kitu. Akijaribu kusema kama watu, ilikuja juzi, akaona aibu, akaacha. Vidonge anameza sasa, namsimamia mpaka anifungulie mdomo nione. Kila jioni tulifanya maneno ya posa, yale Adriano aliyomtungia kwa zile sauti mbili. Mstari wa mwisho ulikuwa, "Tunamwomba Christina." Huo ulimchukua wiki sita.

Mwezi wa tano tukarudi Muyinga, Hiace ile ile, Sudi kajaza dumu mbili bila kuambiwa. Nilidhani itakuwa sherehe. Ilikuwa msiba! Watu wale wale themanini, wamekaa wima, hakuna anayekohoa, kila mmoja anaangalia mdomo wa mume wangu kama utalipuka. Kulthumu alikalishwa mbele kabisa katikati ya wazee, mgeni wa heshima, saa mkononi. Wamemweka Dominiko kwenye kiti chenye mito. Hakuna aliyemtania, hakuna aliyeleta bibi kizee. Eliud mwenyewe akauliza maswali kwa upole, kama anayemhoji mgonjwa.

Dominiko akaimba. Mkono wa kushoto unapiga paja, sauti inapanda, inashuka. Tumekuja, tumekuja, kutoka Makebuko tumekuja. Aliimba vizuri jamani, kila neno mahali pake. Nilikuwa naimba naye moyoni. Lakini nilimwona usoni hana furaha. Aliwaangalia watu, mstari huu, mstari ule, nyuso zimekauka. Eliud akauliza swali la mwisho, karibu kwa kunong'ona, "Mgeni wangu, mnaomba nini?"

"Tu-na-mwo-mba," Dominiko akaimba.

Akanyamaza.

Mkono ukasimama juu ya paja. Kichwa kikainama kidogo. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Kichwa kikazidi kuinama.

Usiniulize nani aliamka kwanza. Watu themanini walisimama pamoja, mabenchi yakapinduka. Sudi aliwasha gari. Mchungaji alianza kuomba kwa sauti. Wanaume wanne walimnyanyua Dominiko na kiti chake na mito yake, wakaondoka naye mbio, Christina kaja mbele peku anafungua mlango wa gari, Eliud anasukuma kwa nyuma analia, "Si mara ya pili, Mungu wangu, si mara ya pili!" Kulthumu anapiga kelele, "Saa nane kamili! Muandike, saa nane kamili!" Na mimi nilikuwa namkimbilia, nimeshika mguu wa kiti, siwezi hata kulia, najiambia tu sikucheka, safari hii sikucheka.

Tulipofika kwenye gari, sauti ikatoka juu ya kiti. Haikuwa ya juu wala ya chini. Ilikuwa ya kawaida, kavu, imepinda kidogo.

"Na... tania."

Wale wanne wakasimama.

"Natania," Dominiko akasema, akainua kichwa, na jicho la kulia likanikonyeza.

Eliud alikaa chini kwenye vumbi. Akaangalia juu, akaangalia kofia yake, halafu akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, na turubai zima likaanguka nyuma yake, watu wanashikana, wengine wanalia, Sudi kalalia honi. "Mchukueni binti!" Eliud akapaza sauti palepale chini. "Mchukueni, mchukueni, kabla mtu huyu hajatuua wote!"

Mimi nilimpiga Dominiko kwa mkoba wangu. Mara tatu, begani, mbele ya wakwe na mbele ya mchungaji. Miezi mitano nimemgeuza, nimemlisha, nimemuogesha, nimeimba mpaka sauti imenikauka nikisubiri neno moja tu la kawaida, na mzee mzima analitumia kunitisha! Nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia hapa. Halafu nikauangusha mkoba, nikamshika uso kwa mikono yangu miwili, upande ulioinuka na upande uliolegea, nikamwambia, "Sema tena."

Akasema tena.